Ng'ombe Mmoja wa Kahiga kwa Mabucha Saba ya Kiuu

Wapendwa mliotoka Kiuu, Theta, Thika mjini na hapa hapa Ngoliba, wazee wetu, akina mama wa kanisa, na ninyi wenye mabucha mliofunga milango leo Jumamosi, siku ambayo kila mtu anajua ndiyo siku yenu ya kuuza, familia imempa dada wa marehemu, Beth, kazi ya kuwasomea maisha yake, na tunaomba radhi mapema kwamba karatasi hii ni ndefu kuliko ile iliyopitishwa na kamati ya mazishi, kwa maana kamati ilitushauri tuache sehemu fulani ili mazishi yawe na utulivu, na sisi tumekataa kuiacha.

Marehemu Festus Kahiga Wanyoike alizaliwa tarehe 11 Machi 1969 hapa Ngoliba, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Wanyoike na mama yetu, katika boma hili mnamoketi, wakati ambapo hapa palikuwa na michongoma, vumbi na ng'ombe kumi na mmoja wa baba, ambao Kahiga aliwajua mmoja mmoja kabla hajajua kuhesabu. Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1976 katika shule ya msingi ya hapa, akafanya mtihani wa CPE, wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 1982 na kupita vizuri, lakini mwaka huo huo baba aliugua mgongo, mifugo ikahitaji mtu, na ndipo masomo yake yakaishia hapo, jambo ambalo hakuwahi kulilalamikia, ingawa alisoma gazeti lote kila siku mpaka matangazo ya vifo, na ole wako ukimfungia mtu nyama kwa gazeti ambalo yeye hajalimaliza.

Tarehe 6 Januari 1986 aliajiriwa Thika mjini na mzee Githinji, aliyekuwa na bucha karibu na soko, na kwa mwaka mzima hakuruhusiwa kushika kisu, kazi yake ilikuwa kusugua gogo la kukatia nyama kwa chumvi na maji moto, kubeba mapaja kutoka garini na kunyamaza. Mzee Githinji ndiye aliyemfundisha kwamba mwenye bucha hauzi nyama, anauza kuaminika, kwa hiyo ile sehemu yenye muhuri wa daktari wa mifugo huning'inizwa ikitazama barabara, na hukatwa mwisho kabisa, ili hata mteja wa saa kumi na mbili jioni auone muhuri kwa macho yake bila kuuliza. Kahiga alilishika neno hilo maisha yake yote, na tarehe 2 Oktoba 1995 alipofungua bucha yake mwenyewe kule Kiuu, Ruiru, chumba kimoja chenye vigae vyeupe mpaka dirishani, akaiita Bucha ya Ngoliba, kitu cha kwanza kupigwa ukutani kilikuwa ndoano ya kuning'iniza paja la muhuri.

Mkewe, Wamboi, alimpata kwa ugomvi, na wote wawili walipenda kuusimulia, kwamba binti mmoja mrefu aliingia na nusu kilo aliyouziwa asubuhi, akaibwaga juu ya kaunta mbele za watu na kusema, "Wewe, mimi nilikuja kununua nyama, hukuniambia unauza mifupa," naye Kahiga akapima upya, akaona kweli, akamwongezea kipande kizuri na kumwomba msamaha, na kesho yake yule binti akarudi bila haja yoyote ya nyama. Ruracio, yaani mahari, ilipelekwa mwaka wa 1996, na tarehe 13 Desemba 1997 walifunga ndoa kanisani Ruiru, wakajaliwa watoto watatu, Wanyoike, ambaye ni mwalimu, Mourine, ambaye ni muuguzi, na Becky, kitinda mimba, ambaye bado yuko chuoni na ambaye baba yake alimwambia mbele yetu kwamba akikatiza masomo kwa sababu yake atafufuka amchape.

Sasa tunafika kwenye sehemu ile.

Tarehe 3 Februari 2025, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, karantini ilitangazwa, masoko ya mifugo yakafungwa, malori yakazuiwa, na vichinjio vidogo ambavyo sisi watu wa Ruiru tunavitegemea vikabaki kufunguliwa siku mbili tu kwa wiki, na hilo hatulilaumu, ugonjwa ni ugonjwa. Tunachosema ni kwamba kiwanda kikubwa cha nyama, ambacho hatutakitaja jina kwa heshima ya mahali hapa, lakini ambacho kila mtu hapa anajua geti lake, kiliendelea kuchinja kila siku kutoka kwa ranchi zake, magari yake yenye friza yakapita Kiuu asubuhi na jioni yakienda kwa hoteli na supamaketi, hayakusimama hata mara moja, na mama wa Kiuu anayenunua robo kilo akaambiwa nyama hakuna. Jamani, nyama ilikuwepo, tuliipungia mkono ikipita.

Wiki ya tatu kijana wa mauzo kutoka kiwanda hicho alizungukia mabucha akiwa na karatasi, kwamba mwenye bucha akitaka nyama achukue masanduku ya nyama iliyogandishwa, yasipungue ishirini kwa wiki, ang'oe jina lake mlangoni na kuweka la kiwanda, na asichinjishe tena popote kwa miaka mitatu. Kahiga alisoma karatasi hiyo yote, mpaka maandishi madogo ya chini, kama alivyosoma magazeti yake, akamrudishia na kumwambia, "Kijana yangu, hii si mkataba wa nyama, hii ni ya kunizika," na yule kijana akacheka, akamwambia, "Guka, babu yangu, basi tutaona utauza nini."

Alichouza ni hiki. Aliwaita wenye mabucha wengine sita wa mtaa, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakinyang'anyana wateja kwa kelele na matusi ya mchezo, wakakubaliana kwamba badala ya kila mmoja kulala njaa peke yake watafute ng'ombe mmoja kwa wiki kwa njia halali, wamgawane saba, na kila mteja apate angalau robo. Ng'ombe alitoka hapa Ngoliba, akapimwa na daktari wa mifugo hapa bomani, akaandikiwa kibali cha kusafirishwa, akachinjwa siku iliyoruhusiwa, akakaguliwa tena na kupigwa mihuri minne, kwa mapaja mawili na mikono miwili, na kupewa cheti kimoja, kwa maana ng'ombe mmoja ni cheti kimoja. Wiki nne walifanya hivyo, na kuna watoto Kiuu walioonja supu kipindi hicho kwa sababu ya wiki hizo nne.

Kosa lake, na tunalisema wazi maana alilisema mwenyewe, lilikuwa katika kugawa. Ngendo, mjane aliyeachiwa bucha na mumewe, alikuwa akisumbuliwa sana na wakaguzi, kwa hiyo Kahiga akampa paja la kwanza lenye muhuri, pamoja na cheti, akitundike ukutani kwake ili apate usingizi, paja la pili na mikono miwili, yenye mihuri, akawagawia wengine, waliobaki akawapa mgongo na nyonga, na yeye, mwanafunzi wa mzee Githinji, mtu aliyetufundisha sote kuangalia muhuri kabla ya kununua, akabaki na shingo, mbavu na kichwa, nyama isiyo na alama hata moja. Mtu mchoyo hangefanya kosa hilo.

Alhamisi tarehe 20 Machi 2025, saa nne asubuhi, maafisa watatu walishuka kwa gari mbele ya Bucha ya Ngoliba, hawakuingia kwa jirani wa kulia wala wa kushoto, wakauliza muhuri uko wapi, na Kahiga akawaambia uko kwa mapaja, na mapaja yako pale, akawaonyesha kwa kidole, hatua hamsini haziishi. Ngendo alikuja mbio na cheti mkononi, aproni imejaa damu, akisema, "Ni ng'ombe mmoja, baba, ni ng'ombe mmoja, hesabuni mbavu," na mkubwa wao akamjibu kwamba cheti cha duka moja hakitumiki kwa duka lingine. Wakachukua sampuli, nyama iliyobaki wakaitupa chini na kuimwagia mafuta ya taa mbele ya watu waliokuwa na njaa ya nyama kwa mwezi mzima, wakafunga mlango kwa utepe, na Kahiga akapandishwa gari akiwa na koti lake jeupe.

Kijana mmoja wa bodaboda, Mwas, alipiga video, akaituma akiandika maneno mawili tu, "Punda Kiuu," kana kwamba nyama ile ilikuwa ya punda, na kabla ya saa sita mchana video hiyo ilikuwa imefika kwa Becky chuoni. Mwas yuko hapa leo, ametuomba tuseme yuko hapa, alikuja nyumbani mwezi wa Juni akalia mbele ya mzee, na mzee akamwambia, "Wacha kulia, kunywa chai, lakini ukijua ukweli uutume pia, na haraka ile ile."

Sisi hatusemi nani alimpigia nani simu. Historia ya marehemu ni tarehe, na tunasoma tarehe. Tarehe 20 Machi bucha ilifungwa. Tarehe 24 Machi, siku nne baadaye, friza mpya za kiwanda zilishushwa katika mabucha mawili ya mtaa huo yasiyokuwa katika yale saba. Tarehe 27 Machi mabango yalibandikwa kutoka Kiuu mpaka stendi ya Ruiru, yakiwa na picha ya nyama iliyomwagiwa mafuta ya taa, vigae vyeupe vya Kahiga vikionekana kabisa nyuma yake, na maneno, "Je, unajua unachokula?" Watu waliokula kwake miaka thelathini, ambao harusi zao alizikatia nyama, ambao watoto wao aliwafungia mfupa wa supu bila kuulizwa, walianza kuvuka barabara wakimwona, na vijana wakamwita Mzee wa Punda. Aii, uchungu wa jina hilo hatutawaeleza, lakini tunajua wengine wenu mlilitumia, na mmekaa hapa na sahani mkononi.

Alishtakiwa kwa kuuza nyama isiyokaguliwa, na kesi ikaahirishwa mara tano, kila mara kwa sababu matokeo ya sampuli hayajafika. Wakili Leena wa Thika, aliyeichukua kesi hiyo bila kumwomba Kahiga chochote, aliandika barua tisa akiulizia matokeo hayo, na aliposhauriwa na upande wa pili kwamba mzee akubali kosa dogo, alipe faini na mambo yaishe, Kahiga alikataa katakata, akasema maneno ambayo Wamboi ametuomba tuyasome kama yalivyo: "Sitaki pole yao, na sitaki bucha. Nataka isomwe mbele ya watu nilikuwa nikiuza nini, ndiyo nife vizuri."

Presha, ambayo hakuwahi kuwa nayo, iligunduliwa mwezi wa Julai. Tarehe 14 Oktoba 2025 alipatwa na kiharusi akiwa anafua koti lake jeupe la kesi, kwa maana alisisitiza kwenda mahakamani na koti la kazi, akalazwa Thika, akaruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 2 Novemba akiwa hawezi kutumia mkono wa kulia, mkono wa kisu, na hata hivyo kila asubuhi alimuuliza Wamboi kwa ulimi mzito kama karatasi imekuja. Aliaga dunia Jumamosi tarehe 17 Januari 2026, saa moja asubuhi, baada ya kuuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiuu wachache waliobaki majirani, wakili Leena, Ngendo na wenye mabucha wengine watano ambao ndio waliochinja mtakachokula leo, na kanisa. Kwa kiwanda kilichotuma shada la maua na masanduku manane asubuhi ya leo, yale mliyoyaona yakipakiwa tena kwa gari, tunasema mmefanya vizuri kujua njia ya kuja Ngoliba, na hiyo hiyo ndiyo ya kurudi.

Jumatano tarehe 21 Januari, siku nne baada ya kifo chake, wakili Leena alipewa bahasha iliyokuwa katika faili ofisini kwa wale maafisa, imefungwa vizuri, haijapotea, haijachelewa kuandikwa, na ndani yake mna karatasi moja ambayo marehemu aliomba isomwe mbele ya watu, na kwa kuwa hakuna aliyeisoma, tunaisoma sisi, na Mwas amesimama pale mbele na simu yake. "Sampuli iliyochukuliwa Kiuu tarehe 20 Machi 2025. Ni nyama ya ng'ombe. Haina ugonjwa. Inafaa kuliwa na binadamu." Imetiwa sahihi tarehe 9 Mei 2025, miezi minane kabla hajafa.

Imesomwa, Kahiga. Sasa pumzika kwa amani.