Sebahire Alikula Nini

Mukuje karibu, batoto bangu. Roger, egemeza mugongo wangu ku ukuta. Godelieve, acha ile mboga ya sombe ku moto, haitakimbia. Mimi ndiye ninaenda, na ninaenda na swali moja ku kinywa, ndiyo maana nimebaita.

Maneno ya mali ni mafupi. Shamba ya mihogo ni ya Godelieve, hata akiolewa mbali, na Roger asifungue kinywa, maana nyumba ni yake. Willy, mudogo wangu, aliyeniita espion, mupelelezi, mbele ya kanisa nzima juu nilikuwa nauliza-uliza batu, mumupe koti yangu. Nilimukasirikia miaka ine, nimechoka, na baridi inamushika kama inavyonishika mimi.

Kilichobaki ni ile valize, ile sanduku ya makaseti. Sikilizeni, nibaambie maana yake. Miaka kumi na mbili nilipiga pasi mashuka ya hoteli ku Lubumbashi, mashuka ya batu basiojua jina langu, na niliporudi Baraka nikaona kila mwenye kutoka muji mukubwa anasema tu “nilifanya kazi,” basi. Kazi gani? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Padri aliponiachia radio-kaseti yake, nikaanza kuzunguka: dereva wa kamyo, fundi wa saa aliyepofuka, Mama Pulchérie aliyeuza makala ya kupikia miaka makumi mbili bila kuungua kidole. Bote nilibafungulia kaseti kwa njia moja: sema jina lako, baba yako, babu yako; halafu, siku ya kwanza ku muji, ulikula nini? Mutu anaweza kudanganya juu ya mushahara wake. Juu ya chakula cha siku ile, hapana. Uso wote unabadilika.

Kaseti ya tisa ni ya Sebahire wa Bibokoboko. Munajua vile tunatazamana kwa jicho baya, sisi ba huku chini na batu ba milima. Lakini mbele ya vita alikuwa anashuka sokoni na siagi yake, na siku moja tukagundua tulikaa Lubumbashi miaka ileile, avenue mbili kati yetu, bila kuonana. Yeye alikuwa ku abattoir. Mufugaji, mutoto wa mufugaji, analipwa kuchinja! Aliniambia kila ng'ombe alimupa jina kwanza, polepole ku sikio, ili asikufe kama kitu cha hivi hivi. Nikamuuliza, majina yote ulitoa wapi? Akacheka, akasema mwaka wa pili yaliisha, akaanza kutumia ya bashangazi zake.

Mwaka wa 98, vita iliporudi, tukapanda kukimbilia Fizi. Batu bakaniambia bale baaskari ba barrière, benye kufunga njia, banasikiliza makaseti, na mwenye kukutwa na sauti ya mutu wa milima, yeye pia ni adui. Nikaogopa, batoto bangu. Kuitupa kaseti ya Sebahire sikuweza, nikaenda kwa kwaya, nikarekodi nyimbo mbili juu ya mwanzo wake, nikisema hakuna mutu wa barrière atakayesikiliza zaidi ya wimbo mumoja. Nikajiona mwerevu. Na munajua kilichotokea? Habakusikiliza hata moja. Balitoa tu mapile, zile betri za radio, bakanipungia mukono nipite.

Majuto ni mujukuu. Sebahire alikufa kule juu katika kukimbia, bamama ba sokoni ndio balinipasha habari. Yeye alimupa hata ng'ombe jina mbele ya kifo. Mimi jina lake nililifunika kwa kidole changu. Nina haya, Roger. Nina haya sana.

Sasa tia mapile mapya, rudisha kaseti mwanzo kabisa, finya ile buto nyekundu ya kurekodi. Inazunguka? Vizuri. Sebahire, mutoto wa Kayitare, mujukuu wa Ruhimbika. Mimi Alphonse wa Baraka ndiye nilifuta. Chakula chake... chakula nimesahau. Ninakumbuka tu alitazama mikono yake mbele ya kujibu. Ilikuwa mukate? Ilikuwa ugali na chumvi? Miaka mitano ninajiuliza.

Binti yake Ikirezi iko hai, amerudi Bibokoboko, na njia imefunguka. Mupande ninyi bote babili, muchana, mumupe kaseti mukononi mwake, si kwa mutu mwingine. Museme kwanza nilichofanya, ndipo asikilize. Akikasirika, mukae. Akilia, mukae. Halafu, kwa adabu, mumuulize kama baba yake alimuambia siku moja...

Maji, Godelieve. Kidogo tu.

Mungu abapatie ninyi masikio makubwa kuliko kinywa. Kila nyumba mutakayoingia, baulize majina yenu mbele ya kuuliza munatoka wapi. Mubarikiwe... mubarikiwe na yule aliyenipa udadisi huu, hata kufa haujaniacha.

Na mukishuka kutoka kule, mupite kwanza ku kaburi langu, mbele ya kufika nyumbani. Maombi yatangoja. Mukae chini, museme kwa sauti, hata kama ni ugali mutupu... Muniambie alikula nini.