Pampu Nyuma ya Bafu

GARAMA: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, niko kando ya barabara Changamwe, matrela yanapita.

SABAH: Ni huku Mishomoroni. Nyumba yenye kisima. Namba yako uliiandika ukutani kwa rangi.

GARAMA: Aaa! Kwa Bwana Rashad! Shikamoo, Bi Sabah.

SABAH: Marahaba. Wewe ndiye Garama, fundi?

GARAMA: Ndiye mimi. Vipi, pampu imekataa?

SABAH: Haijakataa. Maji yapanda tangini. Ni kelele.

GARAMA: Pampu gani isiyopiga kelele, mama? Hebu nipe mzee mwenyewe nimweleze. Yule mtani wangu, ati mimi ni fundi wa spana moja na njaa mbili—

SABAH: Rashad hayupo.

GARAMA: Basi akirudi—

SABAH: Amefariki. Leo wiki ya tatu.

[Trela linapita.]

GARAMA: Mungu wangu. Bi Sabah. Wallahi sikuambiwa.

SABAH: Hukuambiwa, najua. Sasa hiyo kelele, inapunguzwa vipi?

GARAMA: Pole sana, mama. Pole. Alikuwa mgonj—

SABAH: Nimeshapoa. Inapunguzwa vipi?

GARAMA: Nitakuja mwenyewe. Leo leo, nikitoka hapa.

SABAH: Huwezi kuja. Niko eda. Mama mkwe hataki mwanamume asiye wa nyumba avuke kizingiti mpaka miezi minne na siku kumi zitimie.

GARAMA: Hata uani tu?

SABAH: Uani ndiko niliko mimi.

GARAMA: Na shemejio, Bwana Ismail?

SABAH: Alikuja Ijumaa. Akaivika pampu godoro.

GARAMA: Godoro? Itaungua!

SABAH: Godoro lilianza kunuka. Nikalitoa.

GARAMA: [Anacheka, anakatiza] Samahani, mama.

SABAH: Cheka tu. Mimi ndiye niliyeshika simu, nieleze mimi. Nina dakika za kutosha nusu saa.

GARAMA: Haya. Lakini tuelewane, haitakuwa kimya kabisa. Wataka ishuke kiasi gani?

SABAH: Mtu akiita kutoka bafuni, aliye jikoni amsikie.

GARAMA: Bafuni?

SABAH: Mama mkwe yuko kwangu sasa. Miaka themanini na mbili, na hataki kuogeshwa. Akiteleza—

GARAMA: Naam, naam. Ni haki yake kusikiwa.

SABAH: Jirani alimsikia.

GARAMA: Nani? Bi mkubwa?

SABAH: Rashad. Pascalia, nyumba ya pili, alimsikia akiita bafuni siku ile alipoanguka. Akadhani ananiita tu, kama mume anavyomwita mkewe. Mimi nilikuwa jikoni naosha mchele. Pampu inapandisha maji.

GARAMA: Bi Sabah...

SABAH: Upo? Mtandao wakwaruza.

GARAMA: Nipo. [Anakohoa] Nenda kwenye pampu. Imekaa wapi?

SABAH: Si wewe uliyeiweka? Nyuma ya bafu, juu ya saruji.

GARAMA: Saruji imeshikana na ukuta?

SABAH: Imeshikana. Kitu kimoja.

GARAMA: Na pampu imekazwa juu yake. Nati nne. Mzee alisimama juu yangu siku ile, "Kaza, Garama! Kaza mpaka wezi wakate tamaa!" Nami nikakaza. Ile ya jirani ilikuwa imeibiwa wiki hiyohiyo—

SABAH: Alijivunia nayo, ati hata tetemeko haliitingishi.

GARAMA: Ndiyo ubaya wake. Isipotingishika yenyewe, inautingisha ukuta. Nyumba nzima inakuwa ngoma. Yataka mpira chini ya miguu. Wakati ule nilikuwa na... [kelele za trela] ...kwenye mkoba.

SABAH: Sikukusikia.

GARAMA: Nimesema yataka mpira. Chomoa waya kwanza. Si kuzima tu, uchomoe kabisa.

SABAH: Nimechomoa.

GARAMA: Spana unayo?

SABAH: Ninazo zote alizoacha.

GARAMA: Jaribu moja moja mpaka upate inayoshika nati.

SABAH: Hii yashika. Haizunguki. Kutu. Maji yetu ya chumvi yamekula kila kitu.

GARAMA: Tia mafuta ya taa. Huna? Ya kupikia. Ngoja kidogo, kisha uivute kwako, polepole, usiivute kwa hasira.

SABAH: Sina hasira.

[Chuma kinalia. Anapumua.]

SABAH: Imezunguka.

GARAMA: Hodari! Sasa zile nyingine. Ukishalegeza zote, tia kipande cha mbao chini, uinyanyue kidogo tu. Kidole kimoja. Usije ukavunja bomba.

[Jogoo. Kitu kinaburutwa.]

SABAH: Imenyanyuka.

GARAMA: Peke yako?

SABAH: Kuna mwingine?

GARAMA: Haya. Mpira. Kipande cha tairi ndicho kizuri, lakini kutoka huruhusiwi... kandambili mnazo? Za soli nene, kuukuu.

SABAH: Ziko za Rashad.

GARAMA: Ah, hizo wacha, mama. Tafuta nyingine.

SABAH: Zangu nyembamba. Za mama mkwe azivaa. Hizi ziko mlangoni tangu siku ile, kila anayeingia anazisogeza kwa mguu. Nikate vipi?

GARAMA: Bi Sabah, ngoja kesho nimtume mtu na—

SABAH: Nikate vipi, Garama?

GARAMA: ...Vipande vinne. Upana wa kiganja. Kila kimoja ukipasue ufa hadi katikati, kikumbatie boliti.

[Kisu kinakata mpira.]

SABAH: Vimeingia. Vyote.

GARAMA: Toa mbao. Rudisha nati. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Basi. Usizidishe.

SABAH: Na wezi?

GARAMA: Wezi tutawatafutia mnyororo. Sasa lile bomba lipandalo, limebanwa ukutani kwa vibanio?

SABAH: Viwili.

GARAMA: Vifungue. Bomba lisiguse ukuta. Litie kitambaa, ulifunge kwa kamba kwenye ule mti wa kuanikia nguo.

[Kitambaa kinachanwa. Kamba inakazwa.]

SABAH: Tayari.

GARAMA: Chomeka.

[Mvumo wa chini.]

GARAMA: Imewaka? Mbona— ndiyo hiyo?

SABAH: Ndiyo hii.

GARAMA: Si yanguruma tu kama paka! Alhamdulillahi, kama msemavyo. Iko sawa, mama.

SABAH: Bado. Simu naitia sauti kubwa, naiweka jikoni, pale pa kuoshea mchele. Wewe kaa hapo usikilize. Mimi naenda bafuni.

GARAMA: Mama, hakuna haj—

SABAH: Ukisikia, useme umesikia nini. Usinifurahishe.

[Hatua zinakwenda. Mlango. Mvumo.]

GARAMA: Bi Sabah? ... Bi Sabah?

[Sauti kutoka mbali: "Sabah!" Kimya. "We Sabah! Njoo!"]

GARAMA: Nasikia! Nakusikia, mama!

[Mvumo. Hatua zinarudi.]

SABAH: Haya. Sema.

GARAMA: Umeita Sabah. Kisha ukasema, we Sabah, njoo.

SABAH: Na pampu ikienda.

GARAMA: Ikienda.

SABAH: Umesikia vizuri, ama umebahatisha?

GARAMA: Vizuri, mama. Na mimi niko barabarani.

SABAH: Hata adhana ya adhuhuri haijaadhiniwa. Nilikupigia saa tano na robo. Kumbe kazi yenyewe ni ya nusu saa.

GARAMA: Bi Sabah, siku ile ya kuifunga pampu, mpira nilikuwa nao. Ulikuwa mkobani. Mzee alikuwa na haraka, nami nilikuwa na kazi nyingine Mjambere, nikasema siku moja nitarudi—

SABAH: Dakika zinaniishia.

GARAMA: Nitakupigia mimi. Nisikilize kwanza—

SABAH: Usipige. Tangi limejaa, nasikia maji yamwagika. Naenda kuzima. Haya, fundi, kwahe—

[Simu inakatika.]