Nobert Thembo, Aliyejipima Mbele ya Watu wa Kyondo

Marehemu Nobert Thembo alizaliwa Karambi tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tano wa kiume wa Yosamu na Yayeri. Kaka yake mkubwa, Mzee Erifazi, aliyeketi kiti cha mbele, aliagiza wasifu huu useme kwamba mdogo wake alimalizwa na mikono ya watu. Hausemi hivyo.

Marehemu alikua na ndugu wanane. Walilala chumba kimoja na kunyolewa kwa wembe mmoja. Alisoma shule ya msingi Karambi, kisha sekondari Bwera, na mwaka 1991 akapata cheti cha msaidizi wa maabara.

Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu. Tangu 2016 alikuwa katika kundi lililopima homa ya ini Karambi, Kyondo na Ibanda. Watu wa Kyondo waliogopa sindano. Bibi mmoja akamwambia, "Daktari, anza na wewe, tuone kama damu yako ni nyekundu." Akajichoma kidole mbele yao. Kipimo kikatoa mistari miwili: alikuwa na homa ya ini aina ya B. Alikiinua wote wakione, akasema, "Basi, mmoja tumempata. Nani anafuata?" Siku hiyo walijipanga watu mia moja na arobaini.

Hesabu waliyoipata aliijua kwa moyo. Aina ya A, inayoletwa na maji na chakula kichafu, karibu kila mtu mzima alikuwa ameshaipata utotoni na kupona. Aina ya C ilikuwa kwa mmoja katika mia. Aina ya B, inayopita kwa damu, hata ya kwenye wembe, na kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma, ilikuwa kwa wanane katika kila mia. Turubai hili lina viti mia tatu. Marehemu angewaambia mtazamane: mko kama ishirini na wanne.

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa na Wivine, Mkongo mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekutana naye sokoni Mpondwe. Kesho yake baada ya siku ile ya Kyondo alimpima mkewe. Hakuwa nayo. Wivine alichanjwa mara tatu, na watoto wote wakapimwa na kuchanjwa. Kisha marehemu akawaomba ndugu zake. Watano walikubali, na wanne wakakutwa na B. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeoa Mkongo. Majina yao hakuyataja hadi anakufa, na hapa hayatajwi. Mzee Erifazi alijibu kwamba damu yake haina haja ya kupimwa. Tangu siku hiyo akamtengea mdogo wake kikombe chake peke yake, ingawa alielezwa mara nyingi kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye kikombe.

Marehemu alikunywa dawa kila siku, lakini ini lilikuwa limeshaharibika. Mwezi wa Juni tumbo lilivimba, na madaktari wakaona saratani ya ini. Alifariki Bwera Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, akiwa amelaza kichwa kwenye mkono wa mkewe.

Usiku huohuo, mbele ya waombolezaji, Mzee Erifazi alisema mwanamke wa ng'ambo anajua alichomlisha mumewe, na baada ya mazishi arudi kwao. Wivine alimjibu mara moja tu: "Shemeji, tulikulaka sahani moja miaka makumi mbili na saba. Mbona mimi niko muzima?" Cheti cha daktari kimebandikwa kwenye nguzo ya turubai. Anayejua kusoma amsomee Mzee.

Marehemu ameacha mke, Wivine, ambaye haendi popote; watoto wanne, Resty, Ezéchiel, Aimée na Bright; na ndugu wanane, ambao watatu kati yao hawajapimwa.

Apumzike kwa amani baba yetu. Waliomsingizia mke wake wasipumzike hadi siku watakapotoa kidole.