Rupia Niliyoisugua kwa Majivu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Ruiru! Asifiwe na ninyi mlio mbele, asifiwe hata na ninyi mlioketi karibu na mlango ili mtoke mapema. Leo msitoke. Naitwa Ezra, kwetu ni Bunyore, na kazi yangu ni kupiga picha pale Thika. Wengi wenu picha za pasi nimewapiga mimi, na mnajua nilivyowagombeza mkipepesa macho.

Leo nimesimama hapa mbele ili mnione uso wote. Miaka minne nimekuwa nikikaa ile kona ya kushoto, shavu langu likiwa ukutani, na mama mmoja hapa aliwahi kunisifu kwamba mimi ni mtu mnyenyekevu. Mama, nisamehe. Haukuwa unyenyekevu hata kidogo. Nilikuwa najificha!

Nilipotoka kwetu nilimwacha mke wangu Rebeka akiwa na mimba changa. Nilimwambia nitarudi wakati wa kupalilia mahindi. Nikapata kazi studio, nikafurahi, nikaanza kujiona fundi. Kabla mwaka haujaisha taa kubwa ilinipasukia usoni. Niliungua kuanzia sikio hadi kidevu, na jicho la kushoto likavutwa chini kama mnavyoliona. Siku niliyoondolewa bandeji nilijitazama kwenye kioo cha wateja, kisha nikakigeuza kioo kikaangalia ukuta.

Rebeka sikumwambia. Mwalimu wa shule ya kwetu ndiye anayemsomea na kumwandikia barua, na mwalimu aliandika kwamba mtoto amezaliwa, msichana, anaitwa Dorkasi, na baba atume picha. Basi nikajipiga picha. Niliiweka taa upande wa kulia, nikageuza kichwa, upande wa kushoto ukamezwa na giza. Nilitokea kijana mzuri kweli! Kila mwaka nilituma nyingine ya namna hiyo hiyo. Mwalimu akaandika kwamba Dorkasi anaisalimia picha kila asubuhi kabla ya kunywa uji. Ndugu zangu, niliisoma barua hiyo nikalia, kwa sababu mtoto wangu alikuwa anamsalimia mtu ambaye hayupo.

Na nilitamani kwenda nyumbani! Nilitamani mrenda wa Rebeka, na sauti yake akiita kuku jioni. Jumapili mchana nilikuwa nikitumwa maporomoko ya Chania kupiga picha za maharusi. Nawaambia wasogeleane, wanasogeleana, nami nyuma ya kamera nahesabu vituo vya treni hadi Luanda, kituo cha kwetu. Mwezi ukiisha natuma barua: kazi ni nyingi, nitakuja baada ya mavuno. Mavuno yalikuja yakapita, yakaja mengine. Mzee Kariuki, naona unasinzia. Amka, sasa nafika kwenye dhambi yenyewe.

Hapa Ruiru kuna mfanyabiashara Mwislamu, Mzee Feruzi, ambaye anaweka sarafu za zamani. Anazo rupia, anazo heller, senti za Mjerumani zilizotoboka katikati, kila moja ameikunja kwenye kitambaa chake. Alipata mtu wa ng'ambo aliyetaka kuinunua moja, rupia ya fedha ya wakati wa Mjerumani, yenye kichwa cha mfalme wao mwenye kofia ya chuma. Mtu huyo alitaka aione kwanza kwa picha. Mzee alitaka kuiuza ili aezeke nyumba yake upya kwa mabati, maana mvua ikinyesha hulala na sufuria mbili kitandani. Akaja studio, akaiweka mkononi mwangu, akaenda msikitini kuswali adhuhuri.

Ile rupia ilikuwa nyeusi kwa uzee. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema, nitamfurahisha Mzee. Mama yangu alinifundisha kusugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka unajiona ndani. Nikaisugua! Iking'aa nazidisha. Nilipoiinua mwangani nikaona imejaa mikwaruzo midogo midogo, na masharubu ya yule mfalme yamepungua. Hapo nikakumbuka Mzee akisema watu wa sarafu huutaka ule weusi, ndio unaoonyesha kwamba haijachezewa.

Badala ya kusema, nikawasha koroboi nikaishikilia rupia juu ya moshi hadi ikawa nyeusi tena. Nikailaza juu ya kaniki, nikaifunika taa kwa karatasi nyeupe na kuiinua juu sana. Taa ikifunikwa hivyo mwanga unatawanyika pole pole pande zote, na mkwaruzo hauna kivuli cha kuutangaza. Picha ilitoka safi kabisa. Mzee Feruzi, ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu, aliishika rupia yake akanishukuru. Akaituma picha. Majibu yakaja kwamba rupia imependwa, itumwe.

Sikulala raha, jamani! Kilichonimaliza ni mkutano wetu wa ndugu kule Kalimoni. Dada mmoja alisimama akakiri kwamba alimpunja jirani yake unga, na kibaba kizima alikuwa amekuja nacho, akampa mbele yetu sote. Nikasikia moyoni kana kwamba Bwana ananiuliza: na wewe, taa yako uliiweka wapi? Nikaanguka magoti palepale. Nikasema, Yesu, nimechoka kujificha, nitoe! Nililia bila kujali shavu langu linaonwa na nani. Na amani ikaingia, ndugu zangu, amani ambayo sikuwa nayo tangu siku ya bandeji.

Asubuhi yake nilipanda baiskeli mpaka dukani kwa Mzee Feruzi nikamweleza yote, majivu na moshi na karatasi. Akaitoa rupia kwenye kitambaa chake, akaisugua kwa kidole gumba.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini paa langu bado linavuja. Sasa piga nyingine. Teremsha taa iwe ubavuni, kila mkwaruzo uonekane. Mimi siuzi kitu nikiwa nimemfumba mtu macho."

Tukaenda naye Thika. Nikaishusha taa hadi usawa wa meza, bila karatasi. Kila mkwaruzo ukasimama na kivuli chake. Nilipoinama kuangalia, mwanga uleule ukanipiga shavuni, na Mzee akanisogelea akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Na hii, huko kwenu wameiona?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Basi keti hapo."

Nilikaa mbele ya taa, nikaigeuzia upande wangu wa kushoto. Nilimwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza yeye mwenyewe na macho yake yale. Picha ilitoka imepinda, na sehemu ya nywele haimo. Lakini shavu limo lote. Niliituma siku hiyohiyo kabla shetani hajaamka.

Yule mtu wa ng'ambo aliikataa rupia. Siwafichi, wokovu wangu ulimgharimu Mzee mabati yake, na kila Jumamosi napanda juu ya nyumba yake kuziba matundu. Kutoka Bunyore nako kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, ya sita! Nilikuwa nikisikia filimbi ya treni naacha kazi nasimama mlangoni. Nilisema, Rebeka ameniona, basi yamekwisha. Hata hivyo nilijikuta naomba bila hofu, kwa sababu anayenikataa sasa ananikataa mimi mwenyewe, si ile picha.

Jana barua imefika. Mwalimu alikuwa ameugua, ndiyo maana ikachelewa. Rebeka anasema: Baba Dorkasi, nimelia sana, kwa sababu uliugua peke yako na mimi nipo. Anasema mtoto aliishika ile picha siku nzima. Akauliza kama baba bado anaumwa. Rebeka akamwambia hajui. Basi mtoto akaenda akachukua kikopo cha mafuta ya kujipaka, akakiweka kando ya picha.

Nakushukuru Yesu uliyenitoa ukutani! Na wewe uliyekuja hapa leo na jambo lako umelifunika kwa karatasi nyeupe, mwamini, lilete kwake lilivyo, na umwendee uliyemkosea kabla ya kesho. Mimi kesho napanda treni, mniombee safari. Dorkasi hataki kukifunga kile kikopo. Anasema, baba aje kwanza, nimpake.