Mama Matawi na Ishara Iliyotangulia

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Matawi, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 akiwa tayari anajua kusoma, jambo ambalo mwalimu wake alilichukulia kama utovu wa nidhamu. Alihitimu shahada ya uzamivu katika baiolojia mwaka 1989.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1987 na fundi redio. Bwana harusi alisubiri dakika arobaini kwa sababu seli za bibi harusi kule maabara zilikuwa hazijalishwa. "Nilijua naoa nani," husema mpaka leo.

Kwa miaka thelathini alifanya kazi katika chumba kimoja kisicho na dirisha, akitafuta jambo moja: seli ya neva inapochipua tawi jipya kuifikia seli jirani, je, ishara ya kalsiamu, yaani madini hayo kupanda ghafla ndani yake, hutangulia au hufuata? Mwaka 2009 alichapisha jibu: hutangulia. Mwaka uliofuata akagundua kwamba taa ya hadubini yake ndiyo iliyokuwa ikizisisimua seli. Akaliandikia jarida barua ya kuliondoa andiko lake mwenyewe.

"Dada, mbona hakuna aliyeona," mwenzake alimnong'oneza.

"Na mimi ni ukuta?"

Akaanza upya, kwa taa hafifu, picha moja kila dakika mbili. Nusu ya seli aliizuia ishara yake kwa dawa; nusu akaiacha. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka tisa, na haikumpatia rafiki mpya hata mmoja.

Juni 2018 alipatikana na saratani ya ini. Daktari alimwambia apumzike.

"Seli hazina habari kwamba naumwa," alijibu, akaendelea kwenda kazini kwa mkongojo.

Tarehe 6 Februari 2019, wodini, binti yake mkubwa alimsomea hesabu ya mwisho. Seli zilizozuiwa hazikuchipua hata moja. Nyingine zote: ishara kwanza, tawi dakika kumi na mbili baadaye.

"Si jibu lilelile?" mumewe akauliza. "Sasa miaka yote hiyo ilikuwa ya nini?"

"Zamani nilibahatisha. Sasa najua."

Alifariki siku tatu baadaye, saa nne asubuhi. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka, na jibu ambalo hatalazimika kuliondoa.

Mungu amjalie pumziko jema, ingawa yeye hakuwahi kuliomba.