Mzee Mvuke na Boila Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kulia nasi, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, familia imenituma niyasome maisha yake, na nitayasoma yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mtu apakwe mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa seremala, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo watu walisali kabla ya kula, baada ya kula na kabla ya kulala. Alianza shule Januari 1956, akamaliza darasa la nane Desemba 1963. Akiwa darasa la sita, mdogo wake wa kike aliugua homa, nyumba nzima ikapiga magoti siku tisa, mtoto akafa siku ya kumi, naye akawaambia wazazi wake kwamba hatapiga goti tena mbele ya kitu chochote, akachapwa, na hakubadilika.

Tarehe 3 Aprili 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni kuchochea moto wa boila, ile mashine inayotoa mvuke wa kupikia sabuni, na mwaka 1972 akapata cheti na kuwa mwangalizi wake, akaitwa Mzee Mvuke kabla hajaota hata mvi moja. Kila alfajiri alivua kofia mlangoni pa chumba cha boila, akapiga magoti kuchungulia tundu la moto, kisha akafuta kioo cha geji ya presha kwa kitambaa cheupe ambacho mama alikatazwa kukichanganya na nguo zetu. Mle ndani mtu hakuruhusiwa kutukana, wala kutamka habari za kuizima boila ikiwa inanguruma. Mama, aliyefunga naye ndoa tarehe 7 Desemba 1974, alimtania kwamba na yeye ana dini, ila ya kwake inatoa moshi, baba akanuna siku mbili.

Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1976, 1979 na 1984, na mara zote tatu baba alipata habari akiwa kazini, akamalizia zamu kwanza.

Tarehe 9 Agosti 2003, saa nne asubuhi, mama alibanwa na kifua, nikakimbia hadi kiwandani. Nilimkuta baba mbele ya geji, boila imetoka matengenezo na presha inapanda, akaniambia bila kugeuka kwamba atakuja ikitulia. Msaidizi wake, mwenye cheti kama chake, alimsihi aende, lakini kwa miaka kumi na moja baba hakuwahi kumruhusu kugusa valvu kuu, na siku hiyo pia hakumruhusu. Alifika nyumbani saa nane, mama ameshafunikwa shuka. Nilimchukia baba yangu, nasema wazi, na chuki hiyo nimeishi nayo miaka kumi na sita.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2008, boila ikakatwakatwa ikawa chuma chakavu, naye akaanza kuhangaika, akahamishia moyo wake kwa mwanasiasa mmoja aliyemsikia redioni na kugombana nasi sote kwa ajili yake, kisha kwa timu ya mpira, ikifungwa hali chakula. Sijui kama kila binadamu huzaliwa na goti linalotafuta pa kupigwa, wasomi watatuambia, ila baba alizaliwa nalo, na kadiri alivyolikana ndivyo lilivyomburuta.

Mei 2019 mapafu yake yalianza kumshinda, akalazwa mara nne. Jioni ya tarehe 1 Novemba alinishika mkono, akasema anataka kuomba msamaha kwa ajili ya mama ila hajui amwombe nani, maana mama hayupo, na yeye na Mungu waliachana tangu utotoni, basi akaniomba mimi. Nilinyoosha shuka, nikamwambia apumzike, tutaongea kesho. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2019, saa tatu, nikiwa kwenye foleni ya dawa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani, hasa yule msaidizi, aliyekuja na wanawe kulichimba kaburi hili.

Baba, nimekusamehe, na sasa ni mimi nisiyejua namwambia nani. Pumzika.