Boti Yenye Mabawa Chini ya Maji

KOLETA: Posta ya Same hapa. Dar es Salaam, usikate, una mtu wako. Haya mzee, laini ni yako.

JENIFER: Haloo? Ni nani mwenzangu?

ABEDNEGO: Ni mtu asiye na saa ya mkononi, asiye na betri za redio, asiye na soli kwenye kiatu cha kushoto, na asiye na barua ndefu ya binti yake tangu Pasaka. Ana mdomo tu, na dakika tatu.

JENIFER: Baba. Shikamoo, baba.

ABEDNEGO: Marahaba, mama. Mko wazima huko?

JENIFER: Wazima. Mama yuko hapo?

ABEDNEGO: Mama yako yuko Vudee na maharage yake. Mimi nimeshuka mlima tangu alfajiri. Telegramu yako ilisema Jumatano saa nne nipige ofisi ya boti, nami nimepiga. Hapo ndipo ofisini?

JENIFER: Ndipo, bandarini kabisa. Karani ameniachia meza yake. Fomu umeipata?

ABEDNEGO: Ninayo mbele yangu.

JENIFER: Umeshaweka sahihi?

ABEDNEGO: Bado.

JENIFER: Baba, Ijumaa ikipita nafasi anapewa mwingine. Wanataka mzazi adhamini, bila hivyo hawaniajiri uhudumu wa boti. Na unajua hali yangu. Tangu shirika letu lifungwe naamkia vitumbua, na mtaa mzima unauza vitumbua. Tunauziana wenyewe.

ABEDNEGO: Hata huku ni hivyo hivyo. Zamani tulikuwa na foleni bila sukari, sasa tuna sukari bila foleni. Dukani imejaa, tunaitazama tu.

JENIFER: Sasa si uweke sahihi—

ABEDNEGO: Nimeisoma fomu mbele na nyuma. Kuna mstari unasema, "Mimi mdhamini naelewa aina ya chombo na mazingira ya kazi." Mimi sielewi.

JENIFER: Hakuna anayeelewa, baba. Wenzako wanaweka tu. Baba yake Safia, ninayeomba naye kazi, ameweka dole gumba.

ABEDNEGO: Baba yake Safia hakukaa miaka minne kwenye darasa la jioni na ndevu zake, chini ya karabai. Unajua kwa nini nilikwenda? Nilipokuwa manamba kule mkonge, walinishika kidole wakakibandika kwenye karatasi. Nikajikuta nimekubali mwaka wa pili. Tangu hapo jina langu haliingii kwenye kitu nisichokielewa. Nieleze boti.

JENIFER: [anavuta pumzi] Haya. Ni boti ya kisasa, imetoka Ulaya, wanaiita haidrofoili. Ina mabawa chini ya tumbo, yamo majini. Ikikimbia, mabawa yanaiinua, tumbo linatoka nje kabisa. Dar mpaka Unguja ni saa moja na ushee. Abiria anakaa kama yuko sebuleni kwake, chai haimwagiki—

ABEDNEGO: Hapo pa kuinuka sina wasiwasi. Nimepima.

JENIFER: Umepima wapi?

ABEDNEGO: Kwenye ndiva.

JENIFER: Ndiva ipi? Bwawa letu la kumwagilia?

ABEDNEGO: Kwani tuna bahari? Nilichonga boti kwa mti wa mparachichi, mabawa nikayakata kwenye debe. Nikaifunga uzi, nikaiburuta. Haikuinuka, mkono wangu hauna kasi. Nikafikiri sana. Nikasema, kama boti haiwezi kuyakimbilia maji, basi maji na yaikimbilie boti. Nikafungua mlango wa ndiva.

JENIFER: Baba. Siku hiyo zamu ya maji ilikuwa ya nani?

ABEDNEGO: Ya Mama Rosemary.

JENIFER: Uwii. Na maji yakaenda—

ABEDNEGO: Yakaenda kwa Sebastiani, ambaye zamu yake ni wiki ijayo. Hakujua kilichotokea. Jumapili alipeleka mkungu wa ndizi kanisani, sadaka ya shukrani.

KOLETA: [anacheka]

JENIFER: Nani huyo anacheka?

ABEDNEGO: Koleta wa simu. Anasikiliza kwa sababu za kikazi.

KOLETA: Samahani, dada. Laini ni mbovu, lazima niishike.

JENIFER: Kamati ya maji wamekufanya nini?

ABEDNEGO: Kesi ilikaa kutwa nzima. Ingekwisha kwa nusu saa, lakini unatujua Wapare. Watu walishuka mpaka na vigoda vyao. Nimehukumiwa siku mbili za msaragambo, kazi ya kijiji, kuzoa tope la ndiva. Nimekata rufaa.

JENIFER: Siku mbili tu, baba, si uzoe yaishe?

ABEDNEGO: Tope nimeshazoa. Rufaa ni ya maandishi. Katibu ameandika "alikuwa akicheza na boti." Nataka afute, aandike "alikuwa akipima."

JENIFER: [anacheka] Na iliinuka?

ABEDNEGO: Iliinuka, mama. Maji yalipotoka kwa nguvu, ikanyanyuka juu ya mabawa kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Mama Rosemary alikuwa katikati ya kunitukana, akanyamaza, kisha akasema, "Hebu iachie tena." Maji yalipopungua ikakaa chini. Kwa hiyo hapo nimeelewa. Mwendo ukiwepo, bawa linabeba. Mwendo ukipotea, ni boti kama boti. Sivyo?

JENIFER: Ndivyo hasa. Hata fundi wao hakutueleza vizuri hivyo.

ABEDNEGO: Lakini ndiva haina mawimbi.

JENIFER: Baba, dakika zinakwisha.

ABEDNEGO: Wimbi likiwa refu kuliko miguu ya hayo mabawa, inakuwaje?

JENIFER: Aa, hiyo ni— boti yenyewe ni imara, baba, ni ya kisasa, imepimwa na wataalamu—

ABEDNEGO: Hayo yako kwenye tangazo ulilonitumia ndani ya bahasha. Nimeshalisoma. Nakuuliza wewe.

KOLETA: Dakika tatu, mzee. Unaongeza?

ABEDNEGO: Ongeza.

JENIFER: [laini inakwaruza] ...kwa sababu ya baba mdogo Loth, sio?

ABEDNEGO: Nyumba ya Mungu, alikokuwa akivua Loth, si bahari. Ni bwawa. Unasimama huku unamwona mtu wa ng'ambo anavyoanika samaki. Upepo wa alasiri mmoja tu, na mtumbwi uliokuwa— Tuliletewa kofia. Wewe ulikuwa bado mgongoni.

JENIFER: Mama alinisimulia.

ABEDNEGO: Basi nijibu.

JENIFER: Nikikujibu hutaweka sahihi.

ABEDNEGO: Usiponijibu ndiyo siweki.

JENIFER: Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye safari ya majaribio. Kwenda, raha tupu. Mawimbi madogo boti inayapita juu, huyasikii. Kurudi, kusi likachafuka. Katikati ya mkondo mawimbi yakawa marefu, yakaanza kugonga tumbo. Pu. Pu. Kila pigo meno yanagongana. Nahodha akapunguza mwendo, boti ikashuka, ikawa—

ABEDNEGO: Boti kama boti.

JENIFER: Na tena ikiwa chini hivyo inayumba vibaya. Hapo hapo gogo likanasa kwenye bawa la mbele. Wakazima injini. Tukaelea kama nusu saa.

ABEDNEGO: Ulitapika?

JENIFER: Mara moja.

ABEDNEGO: Jenifer.

JENIFER: Tatu.

ABEDNEGO: Endelea.

JENIFER: Kulikuwa na abiria thelathini na kitu, wengi wafanyabiashara wa vitenge na redio. Wengine wanaomba, wengine wanagombania mlango. Mhudumu mkubwa, yule aliyekuwa anatufundisha, amelala sakafuni, hanyanyuki. Nikaona hakuna wa kungoja. Nikatoa majaketi ya kujiokolea yaliyo chini ya viti, nikawafunga mmoja mmoja. Kamba, fundo, vuta. Kamba, fundo, vuta. Bibi mmoja wa Unguja ananiambia, "Mwanangu, fundo lako lanibana." Nikamwambia, "Libane, bibi."

ABEDNEGO: Na wewe?

JENIFER: Mimi nilijifunga wa mwisho. Mabaharia wakalitoa lile gogo. Tukarudi taratibu, kwa tumbo, saa tatu nzima. Wasichana tulikuwa kumi na wawili tunaoomba hii kazi. Nahodha alikwenda kwa mwenye boti, akamwambia anamtaka yule Mpare. Ndiyo maana naitaka, baba. Si vitumbua tu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua uta— [laini inakwaruza] Baba? Haloo? Imekatika?

KOLETA: Haijakatika, dada. Yupo. Anatafuta leso.

ABEDNEGO: Koleta, hayo si ya kikazi.

KOLETA: Nimenyamaza.

ABEDNEGO: Hayo majaketi yako mangapi?

JENIFER: Viti ni mia na ishirini, majaketi mia na hamsini. Matatu kamba zilikuwa zimekatika, nimezishona.

ABEDNEGO: Umeyahesabu mwenyewe?

JENIFER: Kila asubuhi tunapofanya majaribio. Hakuna aliyeniagiza.

ABEDNEGO: Loth na wenzake walikuwa sita. Hapakuwa na hata— Koleta, niazime kalamu. Hiyo hapana, ile ya wino.

JENIFER: Unaweka, baba?

ABEDNEGO: Usinisemeshe, naandika. Nataka ikae sawasawa. [anaandika] Haya. Abednego, kwa ukamilifu wake. Na hapa chini, penye "maoni ya mdhamini", wameacha nafasi.

JENIFER: Hapo huwa panaachwa wazi.

ABEDNEGO: Wameacha mistari minne, nami nimeandika minne. "Nimekielewa chombo. Kwenye maji tulivu ni kizuri kuliko vyote. Kwenye mawimbi marefu na penye magogo kina udhaifu. Kusi likichafuka kibaki gatini, na binti yangu asiagizwe kuwaambia abiria kwamba chai haimwagiki."

JENIFER: Baba, wataniona mkorofi kabla sijaanza.

ABEDNEGO: Watajua una kwenu.

KOLETA: Mzee, muda unayoyoma, na mfuko wa barua za Dar unafungwa sasa hivi. Gari liko nje linanguruma.

ABEDNEGO: Nipe gundi. Naipaka. Jenifer, bahasha naipaka gundi hapa. Nabonyeza. Imeshika. Koleta, piga muhuri, apate kusikia.

[kishindo]

JENIFER: Nimesikia. Asante, baba. Asante sana. Mama msalimie, mwambie nita—

ABEDNEGO: Salamu zitafika. Sasa nisikilize. Siku nyingine ikitokea kama ile, unajifunga wa kwanza, halafu ndiyo unawafunga wengine. Umenielewa?

JENIFER: Haiwi hivyo, baba. Mhudumu anajifunga wa mwisho. Ndiyo kazi yenyewe uliyoiwekea sa—

[mlio mrefu]

KOLETA: Haloo Dar? Dar? Wamekata. Pole, mzee. Barua yako hii hapa, haijaingia mfukoni. Ukiitaka, naweza kukurudishia.

ABEDNEGO: Itie. Funga mfuko, Koleta.